Shamba Linaloonekana kutoka Barabarani

Habari za mbolea ya serikali zilimfikia Mama Fuko siku tatu baada ya mifuko kwisha. Alizipata kwa Kanga, ambaye hutembea kwa makundi, na katika kundi zima hakuna hata mmoja anayejua kunyamaza.

"Mama, wenzako wamepewa mifuko! Mkubwa Tandala alikuja mwenyewe, na ngoma, na wapiga picha."

Mama Fuko akatoa pua nje ya tuta, akajipangusa udongo. "Wamepewa akina nani?"

"Wenye mashamba."

Ilikuwa Februari. Mahindi aliyoyapanda Novemba, mvua ya kwanza iliposhika, yalikuwa yamekwisha kutoa mbelewele. Yalikuwa membamba, na umanjano ulianzia kwenye majani ya chini ukipanda juu, jinsi yanavyokuwa mahindi yote yanayolimwa kwenye udongo mwekundu wa miombo bila kuwekewa kitu. Mbolea ya kupandia ilikuwa imefika wakati wa kuvuna mabichi. Hilo Mama Fuko angeweza kulimeza. Serikali kuchelewa si habari. Kilichomkaa kooni ni lile neno la Kanga. Alikuwa akilima pale tangu mama yake alipomwachia, na sasa alitaka kujua hicho alichokuwa akikilima miaka yote kinaitwaje.

Nchi yenyewe ni ile ya vichuguu, ukitoka Lubumbashi kufuata barabara ya Kasenga. Vichuguu vya huko si vya kujikwaa. Vingine vina urefu wa mita tano na zaidi, vimeota miti juu yake, na udongo wake una rutuba kuliko ardhi inayovizunguka. Wafyatua matofali wanaujua udongo huo, na wakulima wanaujua: hubomoa kichuguu na kuutawanya shambani. Ukiniuliza mimi, hiyo ya mchwa ndiyo ruzuku pekee ya kilimo isiyopita mikononi mwa karani. Mama Fuko alikuwa na vichuguu viwili. Kimoja alikuwa amekwisha kukimwaga chote.

Juu ya wanyama wote alikuwepo Chui. Chui hakai huku. Anakaa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, huja kwa ndege na kuondoka kwa ndege, na kati ya kuja na kuondoka hutia saini. Kichwa chake kimo kwenye nembo ya taifa tangu 2006, kati ya pembe ya tembo na mkuki, na wenyeji wa vichuguu wana maelezo yao kuhusu kwa nini ile pembe imewekwa karibu na mdomo kiasi kile.

Chini ya Chui alikuwepo Tandala, mkubwa wa jimbo, mwenye pembe za kujisokota na moyo ambao, nasema bila kejeli, haukuwa mbaya. Tandala ndiye aliyeona aibu kwamba mji unaoipa dunia shaba na kobalti unakula bukari, yaani ugali, wa kuagiza. Akawaita Tembo.

Tembo walikuwa wageni wenye vibali. Walikula mawe ya kijani, mchana na usiku, na walichokitoa kilipakiwa kwenye malori na kwenda kusini hadi baharini. Kilichobaki kwetu ni vumbi. Tandala akawaambia: nyinyi mna matrekta, mna mafuta, mna mainjinia. Kila mmoja wenu alime hekta 500 za mahindi, wenyeji wale.

Hapa hekaya inagusana na magazeti, kwa hiyo niitue chini kidogo. Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, aliyataka makampuni ya madini kila moja lilime hekta 500. Halikuwa wazo la kipumbavu. Tangu reli ya Rodezia ilipofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mji huu umezoea kungojea chakula kutoka kusini. Kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa ikiwalisha wafanyakazi wake unga wa mahindi yaliyosafiri kwa treni. Kumwambia anayechimba kwamba alime ilikuwa sawa na kumwambia alipe deni la karne. Na yapo makampuni yaliyolima kweli, mahindi yakavunwa, yakaliwa. Lakini hekaya haina kazi na waliotii.

Tembo wa hekaya aliuliza swali moja tu: "Mkubwa, hekta hizo zitahesabiwa kutokea wapi?"

"Kutokea kwenye gari langu," Tandala akasema.

Na gari la Tandala haliachi lami. Basi msimu ule, njia ya Likasi na njia ya Kasumbalesa, mtu alisafiri kati ya kuta mbili za mahindi yaliyostawi hata akasahau njaa. Mahindi mazuri, ya mbegu za kununua, mistari iliyopigwa kwa kamba. Mbele ya kila shamba palikuwa na kibao chenye herufi ndefu kuliko mahindi yenyewe: jina la Tembo, idadi ya hekta, na picha ya mtoto anayecheka. Nyani mmoja aliyebanwa na haja njiani aliingia ndani kujisitiri. Alipita mistari kumi na moja, akatokea upande wa pili kwenye majani marefu, na wanawake waliokuwa wakiokota uyoga wakamwona mzima mzima. Hakusema kitu alipopanda tena garini. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kilimo.

Baadaye Chui akatia saini karatasi nyingine. Hii ilisema kwamba kila mwenye shamba atapewa mbolea kwa kadiri ya ukubwa wa shamba lake. Mwenye hekta nyingi, mifuko mingi. Mwenye chache, michache. Nani angeweza kupinga? Nyani akaleta daftari, akafungua ukurasa wa mashamba yanayojulikana, na mashamba yaliyojulikana yalikuwa yale yenye vibao. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mnyama anayekula mawe akapewa mbolea ya mahindi, na Mama Fuko akaletewa habari na Kanga.

Alikwenda mjini kuuliza. Ofisi ilikuwa chini ya mwembe, kwa sababu jengo la ofisi lilikuwa limejaa mbolea. Tumbili alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, kalamu sikioni, mihuri mitatu imepangwa kwenye kizibo cha ndoo.

"Mama, karibu. Una shamba?"

"Ninalo, mwanangu."

"Linaonekana?"

"Na nani?"

"Na barabara."

Mama Fuko akafikiri. "Barabara ina macho?"

"Barabara inapita mkubwa. Mkubwa ana macho. Lina kibao?"

"Lina mahindi."

"Mahindi hayasomeki, Mama. Barua ya shefu unayo?"

"Shefu ni Ngiri. Ngiri ananijua. Mababu zake na mababu zangu wamegawana mashimo tangu zamani."

"Kukujua si barua." Tumbili akashusha sauti. "Barua yenyewe ni bure. Karatasi ndiyo inayolipiwa. Na wino. Na shefu kukaa kitako."

"Akiwa amesimama hawezi kuandika?"

"Akiwa amesimama huwa anaelekea mahali pengine."

Tumbili hakuwa mnyama mbaya. Mshahara wake ulikuwa umesimama miezi mingi, na hiyo mihuri mitatu ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha watoto wake. Kwa hiyo hakuipiga ovyo. Akamtazama Mama Fuko, kucha zake zilizochakaa, udongo uliomganda shingoni, akamwonea huruma na kumpa shauri ambalo makarani wote hutoa wakishaona huruma.

"Mmoja mmoja hatuwezi kuwahudumia, Mama. Fanyeni koperative. Wanachama ishirini, katiba, mwenyekiti, muhuri. Hapo hata Chui mwenyewe atawaona."

Wakafanya. Papa Nungu alijiandikisha, japo alijulikana zaidi kwa kula mahindi ya wengine kuliko kulima ya kwake. Panya Buku akaleta wanawe sita na kila mmoja akahesabiwa. Kobe akaja wiki ya pili, mkutano ukiwa umekwisha, akatia dole gumba. Wakafika kumi na tisa. Wa ishirini alikuwa Kalulu.

Kalulu hana haja ya kuelezwa. Ng'ambo ya mto Luapula, upande wa Zambia, anaitwa Kalulu, na huku anaitwa Kalulu. Hakuna ofisi ya mpaka ambayo imewahi kumwomba hati. Alikuwa na simu mbili, alijua Kifaransa cha barua, na koti lake lilikuwa na mifuko ndani na nje. Aliandika katiba usiku mmoja, kurasa kumi na mbili, akawasomea kwa sauti nzuri sana. Hakuna aliyeelewa kitu, wote wakapiga makofi. Kwa kuwa ndiye aliyeielewa katiba, ikaonekana ni haki awe mwenyekiti.

Msimu wa pili mbolea ikaja tena, na safari hii koperative ilikuwa kwenye daftari: mifuko mia moja. Lori likaondoka ghalani asubuhi. Kwenye daraja palikuwa na kamba imekatiza njia, na upande mmoja wa kamba amekaa Fisi. Mbele ya shule palikuwa na kamba nyingine na Fisi mwingine, mdogo wake yule wa kwanza. Barieri ya mazingira. Barieri ya usalama. Barieri ya afya ya mimea, ambapo Fisi alinusa kila mfuko na kubaki na aliyoitilia shaka. Sisemi zaidi, asafiriye na gunia la makala, yaani makaa, kutoka Kasenga anajua kamba hizo kwa majina. Mifuko iliyofika kwenye kichuguu cha mkutano ilikuwa sita. Risiti ilisema mia, kwa sababu risiti ilikuwa imetiwa saini kabla lori halijawashwa. Na ile sita, Kalulu akaeleza, inalipia gharama za usajili, kifungu cha kumi na nne.

Ilipofika usiku akarudi peke yake.

"Mama Fuko," akanong'ona mlangoni, "ninayo mingine."

Ilikuwa mifuko miwili, ya kilo hamsini hamsini, mizima, imeshonwa kiwandani. Kwenye kila mfuko kulikuwa na picha ya Furukombe akiwa amekunjua mabawa, na chini yake maandishi makubwa: MALI YA SERIKALI. HAIUZWI.

"Kiasi gani?" Mama Fuko akauliza.

Furukombe ni yule ndege aliye kwenye bendera ya Zambia, na hapa tena lazima niitue hekaya chini, maana ndipo penye kiini. Tangu 2002 serikali ya Zambia imekuwa ikiwapa wakulima wake wadogo mbolea na mbegu kwa ruzuku, kwa mpango ambao siku hizi unaitwa FISP. Una kasoro zake, na Wazambia wenyewe huzisema kwa sauti: mifuko kuchelewa, majina ya marehemu kwenye orodha, fedha nyingi kuliko mavuno. Pia wana wakala wa akiba ya chakula, FRA, ambao umekuwa ukinunua mahindi tangu miaka ya 1990. Sasa chukua mfuko wa unga wa kilo 25 unaovuka mpaka wa Kasumbalesa, ndani ya lori au nyuma ya baiskeli kwenye vijia vya porini. Ndani ya mfuko ule kuna mahindi, kuna jasho la mkulima, na kuna kodi ya Mzambia. Mtu wa mitaa ya Lubumbashi, ya Kenya, Katuba au Kamalondo, akisonga bukari yake jioni na kuiteremsha kwa mboga ya lengalenga, anakula ruzuku ya kilimo. Anaila kila siku ya Mungu. Ni ruzuku iliyopitishwa na bunge la Lusaka.

Nchi za Afrika zilipokutana Maputo mwaka 2003 ziliahidi kila moja itatenga sehemu ya kumi ya bajeti yake kwa kilimo. Kongo nayo iliahidi. Mimi nadhani tumeitimiza ahadi hiyo kwa namna yetu: tumeacha jirani atenge, sisi tukatenga sahani.

Mama Fuko hakuwa na fedha. Alikuwa na miti. Alikata miombo mitatu iliyokuwa nyuma ya kichuguu cha pili, akaijengea tanuri, akaifunika udongo, akakesha akizibaziba nyufa moto usilipuke, na baada ya wiki mbili akafukua magunia matano ya makala. Hiyo ndiyo ilikuwa bei. Kalulu akayapeleka mjini, ambako makala hayakosi mnunuzi, na Mama Fuko akafungua mifuko ya Furukombe na kutia kiganja kimoja kimoja kwenye kila shina, akipima kwa kucha tatu, bila kumwaga chembe nje ya shimo.

Yalitoka mahindi ambayo hakuwahi kuyaona kwenye ardhi ile. Bila mbolea, hekta katika nchi yetu hutoa tani moja kwa bahati, mara nyingi chini ya hapo. Mwaka ule Panya Buku alipita katikati ya mistari na wanawe wakampotea. Kila shina lilibeba magunzi mawili. Majani ya chini yalibaki kijani hadi mvua ilipokatika. Papa Nungu alikuja kutazama usiku, akashibishwa na macho tu, na kwa mara ya kwanza maishani akarudi nyumbani bila kuiba.

Wakavuna Mei. Na Mei hiyo hiyo ng'ambo nako walivuna, wakavuna sana. Furukombe akafungua mpaka, malori yakajipanga Kasumbalesa foleni ya kilomita, na unga ukashuka bei hadi wauzaji wa sokoni wakawa wanaongeza kopo juu ya kopo bila kuombwa. Mama Fuko akabeba mahindi yake hadi mjini. Bibi mmoja wa sokoni, Kanga mnene mwenye madoa makubwa, akatia mkono ndani ya gunia, akatafuna punje, akasema ni mazuri.

"Sasa, Mama, mimi nitayapeleka wapi? Hayajasagwa, hayana mfuko, hayana chapa. Watu wanataka ule mweupe wa Furukombe."

"Haya yamelimwa kwa mbolea ya Furukombe huyo huyo."

"Basi waambie wateja hivyo. Mimi nauza unga."

Akamwuzia Kalulu, kwa bei ya kutopasuka moyo.

Kilichofuata hakihitaji hekaya. Februari 29, 2024, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa: kati ya hekta milioni 2.2 za mahindi zilizopandwa Zambia, kama milioni moja ziliharibika. Mwenye chungu akikosa, mdoezi hulala mapema. Mpaka ukabanwa, unga ukawa mali ya kufichwa chini ya kitanda, na wakubwa wa huku wakaenda kwenye redio kusema kwamba umefika wakati wa kulima. Wanasema hivyo kila mpaka unapobanwa. Ukifunguliwa hunyamaza, kwa sababu mji ulioshiba hausikilizi habari za mbolea.

Kalulu alikuwa ameyahifadhi mahindi ya Mama Fuko mahali pakavu. Alimwuzia kopo moja moja. "Ni yale yale yako, Mama," akamwambia kwa upole, "huna haja ya kuyachagua mawe."

Mambo yalipofika hapo, Chui akamtuma Bundi. Bundi ni mkaguzi, ana macho ya usiku, na wanyama wanamwogopa kwa sababu huandika. Lakini kuandika kwake kuna mkia mrefu. Mwaka 2014 serikali ilianzisha shamba kubwa la Bukanga-Lonzo, huko Kwango, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka huku kwetu; hekta 80,000 kwenye karatasi, matrekta mapya, rais mwenyewe kwenye uzinduzi. Baada ya miaka michache matrekta yalikuwa yameota majani. Wakaguzi wa fedha wa serikali walitoa ripoti yao 2020, wakataja dola milioni 285. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ikamhukumu aliyekuwa waziri mkuu, Augustin Matata Ponyo, miaka kumi ya kazi za nguvu, kwa mashtaka ambayo yeye ameyakana tangu mwanzo. Kati ya mbegu ya kwanza na hukumu ilipita miaka kumi na moja. Muhogo ungekuwa umevunwa mara nyingi sana.

Bundi wetu alifanya kazi kwa uaminifu. Alitembea usiku, akahesabu mistari kumi na moja, akaandika kumi na moja. Akahesabu mifuko, akahesabu kamba. Ripoti yake ilikuwa fupi na ilikuwa ya kweli: mbolea imekwenda kwa mashamba yanayoonekana, na wanaolima hawaonekani. Akapendekeza kwamba kuanzia msimu ujao ruzuku itolewe kwa mashamba ya ndani pekee, yaliyo mbali na barabara.

Tandala alisoma, akasikitika, akakubali. Kanga wakatangaza. Mama Fuko aliposikia alikaa juu ya tuta lake mchana kweupe, jambo ambalo fuko halifanyi, akasubiri.

Tembo naye alikuwa amesikia. Akaomba kuonana na mkubwa. "Tumeipokea ripoti kwa mikono miwili," akasema. "Tunahamia ndani. Lakini mkubwa, mbolea itafikaje ndani bila barabara? Na wewe utatukaguaje?"

Swali lilikuwa la maana. Bajeti ya mbolea ikafunguliwa, ikatolewa sehemu ya kulima barabara. Mwenye greda alikuwa Tembo peke yake, kwa hiyo akapewa kazi. Greda likaingia porini kwa siku nne, likiwa limeinamisha blade, likakata kichuguu cha pili cha Mama Fuko kama mtu akatavyo mkate, likapita katikati ya shamba na kwenda kukomea kilomita mbili mbele, ambako kibao kipya chenye mtoto anayecheka kilikuwa kimekwisha simikwa.

Kilichosalia cha shamba la Mama Fuko sasa kilikuwa kimelala pande zote mbili za barabara. Tumbili alikuja na daftari kuandikisha mashamba ya ndani, akasimama katikati ya njia, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama," akasema, "mwaka huu halifai. Linaonekana."

Lakini kulikuwa na fidia kwa waliopitiwa na greda, na hilo Tumbili alilisema mwenyewe bila kuulizwa, akafungua ukurasa mpya.

"Una hati yoyote inayoonyesha kwamba hapa palikuwa na shamba? Mkataba? Barua? Risiti ya pembejeo?"

Mama Fuko akazama shimoni. Walisikia akipekua chini, akihamisha vitu. Akarudi na mfuko mtupu, umekunjwa mara nne, ambao alikuwa akiutumia kufunikia mbegu. Tumbili akaukunjua magotini. Akasoma upande huu, akageuza, akasoma upande ule. Uso wake ukang'aa; katika kazi yake ya miaka yote ile, hii ilikuwa karatasi ya kwanza kuiona iliyotoka kwa serikali na kumfikia mkulima.

"Wako?"

"Wangu. Nimeulipia magunia matano ya makala."

Tumbili akaandika kwa muda mrefu.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Uraia."

"Wa nani?"

"Wako, Mama. Mbolea hii hupewa wakulima wa Furukombe peke yao, imeandikwa hapa. Na wewe umepewa. Basi wewe ni mkulima wa ng'ambo anayelima huku. Fidia ni ya wenyeji."

Fisi alifika kabla jua halijatua, na hesabu ya ushuru wa kuingiza mifuko miwili, pamoja na faini ya kutopita kwenye kamba. Sheria ya kilimo ya 24 Desemba 2011 inasema pembejeo za kilimo zisitozwe ushuru mpakani. Papa Nungu, aliyewahi kulala usiku mmoja katika ghala la vitabu, alimkumbusha Fisi jambo hilo. Fisi akajibu kwamba sheria ni ya Kinshasa na kamba ni ya hapa.

Mama Fuko aliisikiliza hesabu hadi mwisho. Ilikuwa kama magunia manne ya makala. Miti miwili, ukichagua vizuri.

"Nikilipa," akauliza, "nitapewa risiti?"

"Kabisa," Tumbili akasema.

"Yenye jina langu?"

"Jina lako, tarehe, na mihuri yote mitatu."

"Basi nitalipa. Lakini uandike pia kwamba ile mbolea niliitia hapa, kwenye shamba langu."

Tumbili akaitoa kalamu sikioni, akailowesha ncha kwa ulimi, akafikiri.

"Hilo la shamba, Mama," akasema, "linataka barua ya shefu."